Msiba wa Skripti

Nilikuwa nikifanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Nyaraka za malori tulizihifadhi kwenye kompyuta, folda ndani ya folda, na kila asubuhi niliandika kwenye shell, programu inayopokea amri, maneno marefu yaleyale ili kuifikia folda ya siku hiyo. Nikachoka. Nikatunga skripti fupi, faili la amri, nikaiita "nenda". Kazi yake ilikuwa moja tu: kunihamishia huko.

Nikaiendesha. Haikulalamika. Nilipotazama nilipo, nikajikuta palepale nilipoanzia. Nikarudia. Palepale. Nikampigia rafiki yangu, fundi kompyuta wa Mlowo, simu nikaiweka spika ili mikono ibaki kwenye kibodi.

"Ukiiendesha hivyo," akasema, "shell yako inazaa mtoto. Mtoto ndiye anayehama. Akimaliza tu, anakufa. Wewe mzazi hujasogea."

"Kumbe mtoto alifika?"

"Alifika vizuri. Akafia hukohuko."

Bosi wangu, mama mwenye huruma nyingi na subira kidogo, alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Akaiweka chini, akatoka haraka. Nilidhani amefuata sukari.

Fundi akanieleza kwa muda mrefu, mwisho akanipa dawa: "Andika nukta, acha nafasi, ndipo jina la skripti. Hapo haizai. Amri unazitekeleza mwenyewe."

Nikafanya hivyo. Nikahama! Nilicheka kwa sauti, nikageuka, nikakuta akina mama wamejaa mlangoni, khanga viunoni, mmoja na ndoo ya unga kichwani. Nyuma yao mbadilisha fedha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amevua kofia.

"Pole sana, mukwai," akaniambia kwa heshima ya Kibemba.

"Uchungu umemchanganya," bosi akawanong'oneza. "Mwacheni acheke."

Nikajaribu kueleza, nikawaonyesha kioo cha kompyuta. Mama mwenye unga akainama, akakitazama kwa heshima.

"Mama wa marehemu ndiye huyu?"

"Ndiyo. Yaani hapana, mama, hii ni kompyuta."

"Na amefiwa na wangapi?"

Nikafikiria majaribio yangu yote ya asubuhi. "Wengi," nikasema.

Akaangua kilio.

Bosi alipoelewa, aliona aibu kuwarudisha watu waliokuja na unga. Akaagiza maharage, ugali ukasongwa uani. Mchungaji aliyeitwa kutoka Mpemba akafika tukiwa tunanawa, na hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli. Akawaombea watoto wote waliotumwa mbali na hawakurudi. Niliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wafiwa wote.