Faini Niliyoidai Mwenyewe

Nakumbuka siku nilipomkokota mbuzi wangu jike kutoka nyumbani hadi kwenye mkutano wa kijiji, hapa hapa Ipililo, na watu njiani wakaniuliza kama nampeleka mnadani. Wapi! Nilikuwa nakwenda kudai nitozwe faini. Mwanangu, wewe uliyetoka Busia ya Kenya ukaolewa hapa na mjukuu wangu, sogea nikusimulie, maana juzi nilikuona umekaa kitini msibani wakati wenzako wanachota maji, na roho ikaniuma.

Mimi ni Mzambia, hilo unalijua. Nilizaliwa kwenye mji wa migodi ya shaba, na huko ndiko Masunga alikonioa. Yeye alikuwa Msukuma wa hapa, fundi wa mitambo. Soko huria lilipoingia, huku Tanzania na huko kwetu, migodi ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Tukafunga mizigo, yeye, mimi na binti yetu Kabula, tukaja kwa mama yake kulima pamba. Kisukuma sikujua hata neno moja, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu.

Watu walinipokea vizuri mno, na ubaya ulianzia hapo. Asubuhi walinisalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na wakisikia nilivyojibu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka nao. Wanawake walikuwa wakilimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nikifika na jembe, walininyang'anya, wakaniwekea kiti. "Mgeni apumzike," walisema. Wao walikula michembe, vile viazi vya kukaushwa juani, mimi nikachemshiwa mayai. Shamba langu walililima lote, na mimi sikulima tuta la mtu hata moja. Sitakuficha, nilipenda. Nilijiona malkia.

Misiba nayo ilikuwa hivyo hivyo. Desturi ya hapa unaifahamu: mtu akifa, kila nyumba hutoa mikono, wanawake kuni, maji na unga, wanaume kaburi. Asiyefika bila sababu huitwa mbele ya mkutano wa kijiji, wenyewe wanauita dagashida, akatozwa. Katika miaka yangu miwili ya kwanza ilipita misiba mitatu ya majirani. Wanawake walipita mlangoni kwangu na mizigo ya kuni vichwani, wakaniambia nisijisumbue, nami sikujisumbua. Siku ya msiba wa tatu nilikuwa nasuka nywele.

Kisha Masunga akaugua homa, na kabla ya mavuno nikawa mjane. Kijiji kizima kilikuja. Sikukosa kuni wala maji wala mtu wa kulia naye.

Matanga yalipokwisha, shemeji yangu Kulwa, mdogo wake Masunga, alikuja akasimama mlangoni. "Shemeji, wewe utarudi kwenu," aliniambia. "Lile shamba nitalilima mimi." Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori na mizani yao, wakigombania pamba, na ghafla kila mtu alikuwa akikodolea macho kila kipande cha ardhi. Shamba lile tuliling'oa visiki mimi na mume wangu kwa mikono hii. Tena ndilo lililokuwa likimlisha Kabula.

Nikaenda kwenye mkutano kujitetea. Nilipoinuka tu, mwenyekiti, mzee Ng'wandu, akaniambia kwa upole, "Kaa, mayu. Mgeni hasemi kwenye dagashida. Tutakuchangia nauli ufike kwenu salama." Watu wakapiga makofi. Walikuwa wananifukuza, mwanangu, na walijiona wema.

Nilirudi nikilia. Nilitegemea mama mkwe wangu, bibi Nyanzobe, anifute machozi. Alikuwa anamenya karanga, hata kichwa hakuinua.

"Mke wa Kulwa alikosa msiba mmoja," alisema. "Alitozwa nini?"

"Debe la mahindi."

"Na wewe uliyekosa mitatu?"

"Mimi hawakunitoza kitu."

"Hapa tunatoza watu wetu," alisema. "Wewe hatujakutoza hata siku moja. Ulikula mayai yetu miaka miwili ukadhani ni mapenzi matupu? Leo unataka neno, neno utalitoa wapi?"

Nilikasirika nusura niupige teke ungo wake. Siku mbili sikumsemesha. Siku ya tatu nikaona kwamba mwanamke yule amenionyesha mlango, na mlango wenyewe uko wazi.

Ndipo mkutano uliofuata nikaenda na mbuzi. Nilikuwa na huyo mmoja tu. Nikamfunga katikati ya watu, nikasimama bila kuruhusiwa. "Nimekosa misiba mitatu ya majirani," nilisema. "Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini. Nilikuwa nasuka nywele. Nimeleta faini."

Mzee Ng'wandu akacheka. "Mayu, nani kakushtaki?"

"Hakuna, na hilo ndilo kosa lenu. Mke wa Kulwa mlimshtaki. Mimi mmenionea kwa kunisamehe."

Wengine walicheka, lakini Kulwa hakucheka. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Msimpokee huyo mbuzi! Huyu mgeni, hatozwi!" Alikuwa ameshaelewa ninachokitafuta kabla ya wengine, na kelele zake ndizo zilizowaelewesha wote.

Nikamshika mbuzi kamba. "Mkimkataa mbuzi huyu, niambieni mbele ya mama mkwe wangu hapa: mlipobeba kuni za msiba wa Masunga, mlikuwa mnamsaidia mjane wa kwenu au mgeni?"

Bibi Nyanzobe alikuwa amekaa mbele kabisa, anamtazama mwenyekiti usoni. Mzee Ng'wandu akamwangalia mbuzi kwa muda mrefu, akamshika masikio, akampapasa mgongo.

"Mbuzi mmoja kwa misiba mitatu hatoshi," alisema mwishowe. "Utaongeza debe la mahindi. Na kwenye misiba mitatu ijayo utachota maji wewe, mwanzo hadi mwisho, bila kupokezana na mtu."

Sijawahi kufurahia adhabu namna ile. Kisha akasema, "Haya, umeshatozwa. Ulikuwa na neno kuhusu shamba. Simama useme."

Nikasema, mwanangu. Nilisema kwa Kiswahili kibovu mpaka koo likakauka, na shamba ni lile unalolima wewe leo. Mbuzi wangu walimchinja siku ile ile, nami nikala.

Kwa hiyo nisikilize. Ugenini ukitengewa kiti, shukuru, kisha inuka ukachote maji. Wakisema usijisumbue, jisumbue. Wakikusamehe kosa ambalo mwenzako hasamehewi, kataa, gomba, wataje wenzako waliotozwa. Usiogope kuonekana mkorofi. Mimi wananiita mkorofi mpaka leo, tena wakiwa wameketi uani kwangu.

Mungu akujalie majirani wa kukutuma na kukufokea. Akupe shingo ya kubeba ndoo zao na mdomo wa kuwajibu. Na siku utakapokosa, wakutoze bila huruma.