Alhamisi Alizojinyima Stefania

Stefania Woloshyn alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, akiishi peke yake shambani, kilomita arobaini kutoka mji wetu mdogo huku Saskatchewan, Kanada. Kodi ya kaboni, ile inayotozwa kwa kila mafuta yanayochomwa, ilipopandisha bei ya petroli na ya gesi ya kupashia nyumba joto, alifunga vyumba vya juu akahamishia kitanda jikoni. Jirani yake Lorne, ambaye hata karakana yake huipasha joto, alilalamika kuliko wote, lakini hakupunguza hata safari moja. Stefania yeye aliikata safari yake ya Alhamisi ya kwenda mjini.

Kila Alhamisi wanawake wa kanisa walikutana ukumbini kukunja pyrohy, vile vibunda vya unga vya Kiukreni vinavyojazwa viazi na jibini. Rafiki yake Anelia akapiga simu.

“We Stefania, umetutupa? Au umepata mchumba?”

“Mchumba gani! Kiuno tu kinanisumbua.”

Kiuno kilikuwa kizima. Aliona haya kuitaja petroli. Simu zikapungua. Kufikia majira ya baridi ya pili alikuwa akimaliza siku nne bila kusema na mtu, hata akaanza kumjibu mtangazaji wa redio.

Mimi hujitolea maktabani kuwajazia wazee fomu za kodi. Machi alikuja kwangu.

“Bi Stefania, marejesho ya kodi ya kaboni unayapata, sivyo?”

“Marejesho gani, mwanangu?”

Nikamwonyesha kwenye karatasi za benki: kila miezi mitatu.

“Hiyo si nyongeza ya pensheni?”

“Hapana. Wanarudishiwa wote kiasi kilekile, tajiri na maskini. Wewe unachoma mafuta kidogo, kwa hiyo unapata zaidi ya unacholipa.”

Akavua miwani. “Kumbe ningeweza kwenda.”

Sikujua anasema kwenda wapi.

Alhamisi iliyofuata alikuta ukumbi umefungwa. Mfagizi akamwambia wanawake walikuwa wamebaki wachache mno, wakaacha tangu Krismasi. Anelia naye alikuwa amevunjika nyonga, mwanawe akamhamishia mji wa mbali wa Calgary kwenye nyumba ya wazee.

Alirudi nyumbani akampigia Anelia simu, akamweleza yote.

“Mjinga wewe!” Anelia akasema. “Si ningekupitia na gari langu?”

“Niliona aibu.”

“Aibu kwangu mimi? Sasa hata gari sina.”

Kisha nesi akamwita Anelia kwenda kula, simu ikakatwa. Stefania aliniambia alibaki ameketi na koti lake mwilini, gari likinguruma nje, asikumbuke kwenda kulizima.