Mwenye Duka wa Zamani Amesafiri

Mimi ndiye niliyelibuni lile tangazo, na nikajisifu nalo, mjinga mimi. Nilikuwa mpiga taipu katika kiwanda kidogo cha uchapaji Kampala, wakati ule Wahindi wameshafukuzwa na maduka yao kugawiwa watu wengine, wengi wao wanajeshi. Kila asubuhi anaingia mwenye duka mpya, anataka tangazo la Kiswahili, analitaka sasa hivi, na la kuandika hana. Nikachoka. Nikatunga tangazo moja la wote, nikaacha nafasi mbili za kujaza: “Duka la … mtaa wa … limefunguliwa upya. Mwenye duka wa zamani amesafiri. Bidhaa nzuri, lugha nzuri. Karibuni nyote.” Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika tano. Bosi wangu alifurahi mno, akaanza kuniita profesa.

Hilo “amesafiri” nililiweka kwa adabu. Ungeandika nini tena, na mteja ana bastola kiunoni?

Siku moja akaja koplo, anataka tangazo la duka la fundi cherehani wa Mengo. Fundi yule nilimjua. Gauni nililovaa siku hiyo alilishona yeye. Na Mengo nzima ilijua kwamba alitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, wateja wake wakitazama. Nilijaza nafasi zangu mbili, nikampa koplo karatasi zake. Watu nikiwasimulia hunionea huruma, wanasema niliogopa. Wapi! Koplo hakusoma hata neno moja. Ningeweza kuiondoa ile sentensi na asingejua. Nilikuwa mvivu tu, na nilitaka kwenda kula.

Wiki iliyofuata akaja mke wa fundi, kwa miguu kutoka Lubaga, karatasi yangu ameifunga kwenye kitambaa. Jamani, alikuwa anacheka.

“Nyabo, bibi, ni wewe uliandika hii? Basi wewe unajua. Amesafili wapi?” akauliza kwa Kiswahili chake cha Kiganda.

Akaniambia ameuliza kambini, ameuliza hospitali, wote kimya. Wakwe zake wanataka kuweka matanga, yeye anakataa, wanamwita kichaa. Sasa hii hapa, imechapwa, kila mtu anaisoma.

Nilipaswa kumwambia, mama, hayo ni maneno ya kila duka, mume wako hata sikumfikiria. Nikasema, “Wapi sijui, mama. Mimi waliniambia hivyo tu.”

Hakuna aliyeniambia kitu.

“Basi yuko hai,” akasema, akapiga magoti pale sakafuni kunishukuru, mama aliyenizidi umri, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha apige. Alipoinuka akaomba karatasi nyingine moja tu, akamwonyeshe mama mkwe. Nilimpa kumi, ili aondoke upesi.