Shemeji Alimwongezea Binti Yake Alama, Mimi Ndiye Naitwa Mwizi

Admin, funika jina langu kabisa, Nyamira ni ndogo. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa Sironga, na nafanya kazi ya kompyuta katika shule moja ya kibinafsi. Naibu mwalimu mkuu pale ni kaka mkubwa wa mume wangu. Sitaki hata kumwona.

Kompyuta yetu ni ya zamani. Alama naziandika kwenye programu ambayo haina cha kubofya, kila kitu ni amri unazochapa. Nikimaliza mstari wa mtoto, nachapa amri, naandika hesabu ya kujumlisha masomo yake na kugawanya, na jibu linajiingiza lenyewe kwenye faili. Shemeji aliomba nimfundishe. Nikamfundisha kwa roho safi, nikidhani anataka kunipunguzia kazi.

Muhula huu binti yake akatangazwa wa kwanza mbele ya wazazi. Mama mmoja wa Ikonge, ambaye mwanawe ndiye huongoza, alitoa simu akapiga hesabu ya alama za binti huyo zilizobandikwa ukutani, palepale. Wastani haukulingana na ule uliotangazwa. Wazazi wakaanza kunung'unika. Shemeji akasimama, akasema amri hizo nazijua mimi peke yangu, labda nilitaka kujipendekeza kwake.

Nilimfuata ofisini. Hakukana. Alisema nilipoenda kula chakula cha mchana alikaa kwenye kiti changu, akaongeza alama ndani ya hesabu, programu ikaweka jibu.

"Wewe umeolewa tu hapa," akaniambia. "Kazi utapata kwingine. Mimi nikianguka, boma lote limeanguka."

Nyumbani mume wangu alisema niombe msamaha yaishe, kwa sababu kaka yake ndiye aliyemlea. Niombe msamaha wa nini? Tangu siku hiyo simpikii, ale kwa huyo kaka yake. Na Sabato iliyopita huyo kaka aliongoza maombi, akaombea watu wenye ndimi za uongo huku akiniangalia. Nilitoka nje.

Kinachonichoma zaidi ni yule binti. Hajui lolote. Alinikumbatia akasema, "Asante mama mdogo, nimesoma sana."

Jumatatu bodi ya shule imeniita. Nikisema ukweli, ndoa imekwisha na mtoto ataaibika. Nikinyamaza, nafukuzwa kama mwizi. Msiniambie niombe, nimeomba. Niambieni, nikiingia kwenye hicho chumba niseme nini?