Pampu ya Baba Nkirote

Muthamia alipozikwa, mkewe Celina aliitundika pampu yake ya betri ya kupulizia dawa kwenye msumari wa stoo, kando ya koti na buti zake, akakataza mtu asiiguse. Majirani wa Kibirichia walikuja kuiazima wakarudi mikono mitupu. Hata binti yake Nkirote, aliyeitaka kwa kabichi zake, aliambiwa atumie ile ya mkono. Celina alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa upendo mtupu: kitu cha Muthamia kikae alivyokiacha.

Kikakaa mwaka na miezi miwili.

Kisha ukaja ukungu wa siku saba mfululizo, viazi ndiyo kwanza vinatoa maua. Majani ya viazi vya jirani yakaanza kutoka madoa meusi ya ugonjwa. Bega bovu la Celina likamshinda kabla hajamaliza mstari wa tatu na ile pampu ya mkono. Akaingia stoo. "Nisamehe, Baba Nkirote," akasema, akaishusha ile ya betri. Akabonyeza swichi. Kimya.

Fundi Mwongera, aliyefundishwa na Celina shule ya nasari na ambaye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Muthamia, alitoa betri kibandani kwake akaipima.

"Volti tatu, mwalimu. Inafaa kuwa kumi na mbili na kitu. Ilichajiwa lini mara ya mwisho?"

"Ni Baba Nkirote alikuwa anaichaji."

Mwongera akainamia kazi yake. "Wacha niichaji polepole. Nipe siku mbili."

Siku hizo mbili Celina aliiombea betri. Aliona haya kumwambia mtu, lakini aliiombea, baada ya wagonjwa na kabla ya wasafiri.

Siku ya tatu mota iliguna, ikatema maji kidogo, ikazima.

"Imekataa," Mwongera akasema. "Haishiki chaji tena."

"Ni mimi niliiharibu?"

Angeweza kumdanganya. "Betri ya hivi ikikaa bila chaji inakufa, mwalimu. Ingekuwa inafanya kazi, pengine ingekuwa bado iko."

"Na mimi nilidhani naitunza."

Machozi yakamtoka mbele ya watu waliokuja kutengenezewa simu, wala hakuyafuta. Mwongera akaiweka betri kuukuu kwenye sanduku la zile zinazochukuliwa na watu wa kuyeyusha madini ya risasi, akafunga mpya, akawasha. Pampu ikanguruma kama zamani, vile ilivyonguruma Muthamia akipanda kutoka bondeni. Celina akaisikiliza mpaka fundi akaizima.

Nyumbani hakuitundika. Alilishusha koti, akalikung'uta vumbi, akalivaa, akakunja mikono ya koti mara mbili. Buti zilikuwa kubwa mno, akaongeza soksi. Nkirote alitoka jikoni, akaliona koti la babake likielekea kwenye viazi, akasimama na kufunika mdomo kwa kiganja.

"Usisimame hapo," Celina akamwambia. "Leta maji ya kuchanganyia dawa. Kesho uje uichukue uende nayo kwa kabichi, na ukimaliza uichaji."