Nililia kwenye filamu, nikashindwa kulia msibani kwa mume wangu

Admin, nifiche kadiri unavyoweza, ingawa mtu wa mtaa wetu wa Mabanga akisoma mistari mitano atanijua tu. Nina miaka ishirini na tisa, nauza mandazi hapa Goma, nina mtoto mmoja wa kike, na ni mjane tangu mvua zilizopita.

Mume wangu alikuwa motari. Alibeba watu na mizigo kwa pikipiki, akiitwa kwa programu ya simu. Hakuwa na mkataba wala bosi wa kuonana naye uso kwa uso. Simu ikilia anaondoka, hata kama sahani iko mbele yake. Basi akaja kijana mmoja mtengeneza filamu, mzaliwa wa hapahapa, akasema anataka kuonyesha maisha yao jinsi yalivyo. Hakutaka waigizaji. Alitaka mume wangu awe mume wangu, na mimi niwe mimi. Tulifurahi kama watoto, sitadanganya.

Katika hadithi yake, motari anagongwa na lori. Mume wangu alilazwa sebuleni kwetu, akafunikwa shuka, nami nikaambiwa nilie. Sikujua kuigiza. Nilifikiria tu zile jioni alizochelewa kurudi, nikisikiliza kila pikipiki inayopita. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Na kwetu kilio kikisikika, hakuna anayengoja kuitwa: kina mama wakaja mbio na mikeka na kuni, wengine wameshaanza kulia mlangoni. Wakamkuta marehemu ameketi anakunywa chai.

Mama mkwe aliwaka. "Munacheza na kilio? Hamuna woga?"

Mume wangu akacheka. "Mama, ni filime tu. Niko muzima!"

Filamu haijamalizika, akateleza kwenye njia ya Kibati akipeleka mzigo, lori likamkanyaga. Wenzake ndio waliomleta nyumbani, wakipiga honi njia nzima. Wenye ile programu hawakutuma hata mtu wa kusema pole.

Nami, ndugu zangu, sikulia. Nilikaa kwenye mkeka kando ya jeneza, macho makavu. Nilijikamua, machozi hayakuja. Niliona mawifi wananitazama na kunong'onezana. Tulipotoka makaburini mama mkwe akanisimamisha mbele ya watu.

"Ku filime ulilia mpaka sauti ikakatika. Sasa mutoto yangu amekufa kweli, unakauka! Ni weye ulimuitia kifo."



Sasa filamu iko karibu kutoka. Kijana amesema kile kipande cha kilio ni changu, nitakavyoamua ndivyo atakavyofanya. Wamotari wanakuja kunibembeleza: "Mama, acha batu bakione. Sisi tukianguka, hakuna mutu anajua." Mama mkwe anataka kifutwe kabisa, kisibaki popote. Amesema siku Goma nzima itakaponiona nikilia pale, atamchukua mjukuu wake, nami nisikanyage tena kwake.

Juzi nilikwenda kukitazama. Kumbe kamera haikuzimwa mapema. Nimeanguka juu ya kifua cha mume wangu, wameshaniambia basi, imetosha, mimi siachi kulia. Mkono unatoka chini ya shuka, unanishika kichwa. Halafu sauti yake: "Nyamaza, mama. Niko hapa."

Sikukumbuka kabisa kwamba alisema hivyo. Hapo ndipo machozi yalipokuja, yote niliyoyatafuta msibani. Nililia mpaka yule kijana akatoka nje akaniacha peke yangu. Watu wa kwa mume wangu hawakuyaona machozi hayo, na nikiwaeleza watasema naigiza.

Nishaurini bila kunitukana, nimetukanwa vya kutosha. Nikubali kionyeshwe, ninyang'anywe mtoto? Au nikubali kifutwe, nimzike mume wangu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu?