Mguu wa Mzee Athumani wa Mambrui

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja ya miaka ya themanini, nikiwa muuguzi kijana kutoka bara, nimeajiriwa hospitali moja huku Malindi na kichwa kimejaa vyeti.

Wodini alikuwapo Mzee Athumani wa Mambrui. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wake ulikuwa umeoza hadi kifundoni. Siku tatu alikataa kukatwa. Alipokubali, alinipa sharti moja: mguu apewe mwanawe, ausitiri kwa kitambaa cheupe, auzike kwao. Nilimjibu, "Sawa, mzee," kama anavyojibiwa mtoto.

Alikatwa asubuhi, mwanawe akaenda kununua bafta nyeupe ya kuusitiri. Mimi, hodari wa usafi, nikautia mguu kwenye tanuri la taka. Kijana wa watu aliporudi na kitambaa chake, nikamwambia mbele ya babake, "Mguu uliooza una kazi gani tena?"

Mzee aligeukia ukutani. Alikataa sindano, akakataa kufungwa kidonda, akataka kurudishwa kwao siku ileile. Angeondoka vile angekufa, na sote tulilijua hilo.

Bi Sofia, mkuu wetu wa wodi, mzaliwa wa Malindi, aliniita pembeni.

"Kwenu mtu akifa mwamtupa jaani?"

"La, mama."

"Basi mguu ule umemtangulia mwenyewe kaburini. Nenda kamtake radhi. Wala usimwambie hukujua, kwani alikwambia."

Niliona haya, sikufichi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini jivu huzoleka. Nilichambua tanurini mifupa na jivu nililoweza, nikampelekea, nikapiga magoti.

"Mzee, uliniambia, nami nikakudharau. Nisamehe."

Aligeuka kutoka ukutani, akamwambia mwanawe, "Nenda naye. Jembe ashike yeye."

Nilichimba mwenyewe, kule Mambrui. Niliporudi jioni, mzee alininyooshea mkono. "Haya, nidunge."

Mwanangu unayevaa sare leo, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mgonjwa akikueleza dini au mila yake, msikilize kama unavyomsikiliza akikueleza maumivu. Usilolielewa, uliza, uliloliitikia, litimize. Mimi ni Mkristo hadi leo, wala Mzee Athumani hakunitaka nibadili. Alitaka mguu wake uzikwe, basi.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio sikivu, na wagonjwa wako wapone wakuombee, kila mmoja kwa dini yake.